Barua ya wazi kwa wahifadhi wa karatasi za familia ya Carter wa Virginia

Kwa Wakurugenzi na Wahifadhi wa Nyaraka mnaotunza karatasi za familia ya Carter huko Richmond, Williamsburg, Charlottesville na Durham, pamoja na Karani wa Mahakama ya Kaunti ya Northumberland, Heathsville.

Waheshimiwa,

Kwa heshima na taadhima nawaandikia kuhusu namna karatasi za familia hiyo zinavyoelezwa katika miongozo na katalogi zinazowafikia wasomaji. Maelezo ya nyaraka ndiyo mlango wake, na mlango wa karatasi hizi umewekwa upande ambao watu wengi waliomo ndani, yaani watumwa wa familia hiyo, hawawezi kuonekana. Nakala ya Kiingereza nimekwisha kuituma kwa kila mmoja wenu. Hii ya Kiswahili naiweka hadharani kwa sababu wasomaji wa lugha hii hapa Virginia si wachache tena, na kwa sababu ninachokiomba nilijifunza kwanza kwa Kiswahili, nilipokuwa karani kijana katika chumba cha nyaraka huko Unguja.

Kwa wasomaji ambao hawaijui familia hii, nieleze kidogo. Robert Carter wa kwanza kutajirika sana, aliyezaliwa 1663 na kufariki 1732, majirani zake walimwita Mfalme, na jina hilo halikuwa utani mtupu. Alikuwa spika wa baraza la wawakilishi la koloni, akakaimu ugavana mwaka 1726 hadi 1727, na kwa miaka mingi alikuwa wakala wa mabwana wa Uingereza waliomiliki ardhi yote iliyo kati ya mito ya Potomac na Rappahannock. Kazi ya wakala ilikuwa kuwagawia watu ardhi hiyo, na mara nyingi mgawiwa alikuwa yeye mwenyewe au wanawe. Alipokufa aliacha ekari zinazokaribia 300,000, na hesabu ya mali yake ya marehemu ina majina ya watumwa zaidi ya 700, yaliyopangwa shamba kwa shamba pamoja na ng'ombe, majembe na masufuria. Aliacha pia madaftari ya barua na shajara ya miaka ya 1722 hadi 1727. Mtu anayesoma karatasi za zama hizo kwa makini atakuta hata bahari yetu imo: kati ya 1719 na 1721 meli kadhaa zilishusha Virginia mateka waliotolewa Madagascar, kisiwa ambacho wazee wa pwani walikiita Bukini, na Carter alikuwa miongoni mwa wenyeji wakubwa waliouza shehena za watu kwa niaba ya wafanyabiashara wa Uingereza.

Karatasi za kisheria za familia kama hii husomwa kwa kawaida kama historia ya ardhi, mirathi na kesi za mipaka. Naomba tusimame kwenye karatasi moja tu ya mwaka 1708. Katika mahakama ya Kaunti ya Lancaster, Carter aliomba na kupewa ruhusa ya kuwakata vidole vya miguu watumwa wawili waliokuwa wakitoroka mara kwa mara, mwanamume aliyeandikwa Bambarra Harry na mwanamke aliyeandikwa Dinah. Ombi liliandikwa, likasomwa, likakubaliwa, karani akatia kalamu, kama vile mtu anayeomba kibali cha kuchimba kisima. Miaka 19 baadaye, mwaka 1727, Carter huyohuyo alimwandikia msimamizi wake wa mashamba kwamba kwa njia hiyo amekwisha kuwaponya wengi ugonjwa wa kutoroka. Katika maneno hayo yote ya mahakama, neno moja tu ni la Harry mwenyewe, nalo ni lile la mbele: Bambarra. Linatuambia kwamba huyu mtu alikuwa na kwao, pengine katika nchi za Mto Niger, na kwamba hata waliomwita Harry walishindwa kuufuta ukoo wake kabisa. Mtu akitafuta neno hilo katika katalogi, atalikuta? Au atalazimika kwanza kumjua Carter, kisha kaunti, kisha mwaka, ndipo afike kwa Harry akiwa amechoka?

Sasa niende kwa mjukuu, kwani huko ndiko karatasi zilikojaa zaidi na ndiko ombi langu linakosimama.

Robert Carter wa tatu alizaliwa 1728. Baba yake na babu yake walikufa mwaka mmoja, 1732, akarithi utajiri akiwa mtoto wa miaka minne. Kuanzia 1758 aliketi katika baraza la gavana la koloni, na baada ya kuishi Williamsburg miaka kadhaa alirudi kwenye jumba lake la Nomini Hall, Kaunti ya Westmoreland. Mwalimu wa watoto wake, kijana aitwaye Philip Fithian aliyekaa hapo mwaka 1773 na 1774, aliandika katika shajara yake kwamba watumwa wa Carter, waliokuwa wapata 600 kwa kadirio lake, walipewa kwa wiki kipimo cha mahindi kiasi cha lita tisa na ratili moja ya nyama kila mmoja. Mashamba yake mengi aliyaita kwa majina ya buruji, Aries, Taurus, Leo, Libra na mengineyo. Mswahili aliyewahi kukaa na mtu wa falaki atayasoma majina hayo moja kwa moja: Hamali, Thauri, Asadi, Mizani. Nimewahi kujiuliza mtu alijisikiaje kuzaliwa Mizani, akafanya kazi Mizani tangu alfajiri mpaka jua kuzama, bila yeye kupata kupimiwa chochote kwa haki.

Mwaka 1777 Carter aliugua, akapata jambo la kiroho ambalo hakuweza kulificha, na mwaka uliofuata akajiunga na Wabatisti, akisali pamoja na watumwa. Sheria ya Virginia ya 1723 ilikuwa imekataza mtu kumwacha huru mtumwa wake mpaka gavana na baraza waridhie, yaani lilelile baraza aliloketi Carter kwa miaka mingi. Mwaka 1782 sheria hiyo ililegezwa, na mwenye mali akaruhusiwa kuacha watu huru kwa hati yake mwenyewe au kwa wosia, ila kwa masharti: wazee waliopita miaka 45, wavulana wasiofika 21 na wasichana wasiofika 18 wasiachwe bila kutunzwa na aliyewaacha. Baada ya miaka tisa ya kusitasita, Carter aliandika hati yake tarehe 1 Agosti 1791, na tarehe 5 Septemba akaipeleka mahakamani Northumberland. Ndani yake alisema kwamba kwa muda alikuwa amesadiki kuwa kuwashika watu hao utumwani ni kinyume cha misingi ya kweli ya dini na haki. Kisha yakafuata majina zaidi ya 450.

Hati hiyo kwa Kiingereza huitwa jina ambalo kwetu ni hati ya hiba, na mtu yeyote aliyewahi kukaa katika baraza la kadhi anajua hiba inataka nini: awepo mtoaji, awepo mpokeaji, kiwepo kitu, na mpokeaji akipokee kitu kile mkononi mwake. Katika hiba ya Carter mpokeaji na kitu ni mtu mmoja. Amepewa nafsi yake. Nilipoisoma mara ya kwanza niliirudia sentensi hiyo mara tatu, nikitafuta kosa la kisheria, na sikuliona. Lakini kama ni hiba, basi hati hiyo ni ya mpokeaji kama ilivyo ya mtoaji. Hakuna kadhi ambaye angeandika katika daftari lake jina la mtoaji peke yake na kumwacha mpokeaji nje.

Utaratibu wenyewe haukuwa wa haraka, na sioni sababu ya kumpamba Carter kwa sifa kuliko hati yake inavyompa. Aliwapanga watu 15 kila mwaka, mwezi wa Januari, kuanzia 1792. Watoto walisubiri umri wa sheria. Msichana aliyekuwa na mwaka mmoja hati ilipoandikwa angeachwa huru 1808, na mvulana wa umri huohuo mwaka 1811. Kwa ajili ya mpango huo ilibidi kila jina liandikwe pamoja na umri wake na shamba alikokaa, maana bila umri zamu haijulikani. Hapo ndipo penye utajiri ambao mara nyingi husomwa haraka na kupitwa. Mlolongo uliotengenezwa kwa ajili ya zamu umetuachia daftari la familia: mama wa miaka fulani katika shamba la Leo, na chini yake watoto kwa mfuatano wa umri. Katika Virginia ya mwaka 1791 hapakuwa na sehemu nyingi ambapo watumwa mamia waliandikwa hivyo kwa wakati mmoja.

Wapo waliomchukia kwa tendo hilo, majirani na hata watu wa nyumbani mwake. Wapangaji wazungu walinung'unika alipoanza kuwakodishia ardhi watu aliowaacha huru. Mwaka 1793 alihamia Baltimore, akamwachia uwakala wa kuendeleza zamu mhubiri wa Kibatisti aitwaye Benjamin Dawson, na 1804 akafariki. Alizikwa Nomini bila jiwe. Jumba lenyewe liliungua 1850. Kilichobaki ni karatasi: madaftari makubwa ya barua ambamo kila barua iliyotoka ilinakiliwa, madaftari ya shughuli za kila siku, hesabu za chuma na tumbaku, hati, vyeti na orodha. Sehemu kubwa ya madaftari iko Durham, nyingine ziko Richmond na Williamsburg, za babu ziko pia Charlottesville, na hati ya hiba imesajiliwa katika mahakama ya Northumberland. Hakuna ubaya kwa karatasi kutawanyika, maana hata mirathi hutawanyika. Ubaya huja kila kipande kinapoelezwa kana kwamba vipande vingine havipo.

Mwaka jana nilikwenda kwenye maktaba moja, ambayo sitaitaja, nikaomba mwongozo wa karatasi za familia moja kubwa ya zama za ukoloni. Nilipewa kurasa kadhaa zilizochapwa vizuri. Ukurasa wa kwanza ulieleza ndoa za wakubwa, vyeo vyao na majumba yao. Orodha ya mada ilikuwa kwa mpangilio wa alfabeti, na watumwa walitokea kama mada moja, baada ya farasi na kabla ya tumbaku kwa herufi zao za Kiingereza. Mkutubi alikuwa mtu mwema, alinipa penseli na kunisogezea taa. Nilimwuliza kama kuna faharasa ya majina ya hao watumwa. Akaniambia kwamba majina yamo ndani ya masanduku, nami naweza kuyatafuta nikipenda, sanduku kwa sanduku. Sanduku zilikuwa 40 na kitu.

Najua mengi yamekwisha kufanywa, na ingekuwa utovu wa adabu kuyaruka. Jumba la historia la Richmond lilianzisha 2011 hazina ya majina ya watumwa waliomo katika karatasi za familia wanazozihifadhi. Maktaba ya jimbo nayo inachambua nyaraka za kaunti zinazohusu Waamerika Weusi na kuziweka wazi kwenye intaneti, na barua na shajara ya Carter mkubwa zimenakiliwa neno kwa neno kwa kazi ya miaka mingi ya mhifadhi aliyekuwa Charlottesville. Ninachokiona ni kwamba kazi hizi zimejenga nyumba ya pili kando ya ile ya kwanza. Anayetafuta watu weusi huelekezwa kwenye nyumba ya pili. Anayetafuta karatasi za familia ya Carter huingia ya kwanza, akakuta samani zimekaa palepale zilipowekwa na wakutubi wa miaka mia iliyopita. Majina yamehamishwa, lakini mwongozo haujaguswa.

Unguja niliona njia nyingine, nayo haikutokana na werevu wetu bali na jinsi nyaraka zenyewe zilivyoandikwa. Baada ya amri ya Aprili 1897 iliyoondoa hadhi ya kisheria ya utumwa Unguja na Pemba, watu waliotaka uhuru walikwenda mahakamani, na makarani wakaandika madaftari. Mstari huanza na aliyekuja kudai uhuru wake, jina lake, kabila lake, kisha ndipo linafuata jina la bwana. Ni madaftari ya serikali ya kikoloni, yana dosari tele, na bwana ndiye aliyelipwa fidia wakati mtumwa hakulipwa kitu. Hata hivyo mstari unaanza na mwenye kuachwa huru. Mzee aliyenifundisha kazi alikuwa akituambia tusome daftari kwa kidole kutoka kushoto, na kidole kikisimama kwenye jina la kwanza tulitamke kwa sauti kabla ya kuendelea, ili tusije tukalinakili kwa macho tu. Tulimcheka. Leo nikikaa na karatasi za Carter nafanya hivyohivyo, kwa sauti ya chini, kwa sababu wasimamizi wa vyumba vya kusomea hawapendi kelele.

Kazi yangu ya sasa ni ukalimani wa mahakamani, na familia nyingi ninazozikalimania ni za Wakongo waliopitia kambini kabla ya kuletwa hapa. Mama mmoja huja na faili la plastiki lenye vifungo viwili, na ndani yake kila karatasi imo ndani ya karatasi nyingine ya nailoni. Jina lake limeandikwa kwa njia tatu katika hati tatu, kwa sababu ofisi tatu zilimsikia kwa masikio tofauti. Tarehe yake ya kuzaliwa ni 1 Januari, na ya mumewe ni 1 Januari, na ya shemeji yake pia, kwani aliyewaandika hakuwa na muda wa kuuliza zaidi. Nilipoona kwamba watu wa Carter waliachwa huru kwa mafungu kila Januari, sikuhitaji kuelezwa maana ya mtu kuwekewa tarehe na kalamu ya mwingine. Na huyu mama angeelewa mara moja kwa nini watu wale walibeba nakala za vyeti vyao kila walikokwenda. Virginia ilitaka watu weusi huru wajiandikishe kwa karani, na daftari la karani lilieleza kimo cha mtu, rangi yake, kovu la mkononi au usoni, na nani alimwacha huru kwa hati ipi. Tangu Mei 1806 sheria ilitaka wanaoachwa huru waondoke jimboni ndani ya miezi 12, kwa hiyo mwaka ulioandikwa kwenye karatasi uliweza kuamua kama mtu atabaki karibu na makaburi ya wazee wake au la.

Ombi langu basi ni hili. Mwongozo wa karatasi za familia ya Carter uandikwe upya kwa pamoja na taasisi zote zinazozishikilia, na uanze kwa kusema wazi kwamba hizi ni karatasi za familia mamia, mojawapo ikiwa ni ile iliyokuwa na jina la Carter. Kila aliyetajwa katika hati ya hiba awe na ingizo lake mwenyewe katika katalogi, kama alivyo nalo kila mtoto wa Nomini Hall, likiwa na jina, umri, shamba na mwaka wa zamu yake. Ingizo hilo liunganishwe na orodha za kila mwaka, na barua zinazomtaja katika madaftari ya Durham, na cheti chake kama kipo, na mstari wake katika madaftari ya makarani wa kaunti ambako wengi wanaonekana kwa mara ya kwanza na majina yao ya ukoo waliyoyachagua wenyewe. Picha za kurasa zote ziwe wazi bila malipo na bila kuulizwa wewe ni wa chuo gani. Pale ambapo karani wa zamani aliandika jina kwa njia mbili, zote mbili ziwekwe, bila kuchaguliwa moja kwa sababu inasomeka vizuri zaidi kwa Kiingereza. Hili la mwisho naliomba kwa niaba ya Harry, ambaye Bambarra yake imekwisha kuandikwa kwa herufi tofautitofauti.

Nimeambiwa na rafiki aliye ndani ya kazi hii kwamba fedha za kuchambua upya makusanyo ya zamani ni haba, na kwamba kila sanduku linalofunguliwa upya linachelewesha masanduku mapya yanayosubiri. Naliamini hilo. Lakini hati ya hiba ina majina yasiyofika hata 500, na Carter mwenyewe, kwa kalamu ya manyoya na makarani wachache, aliyapanga yote kwa umri na kwa shamba akiwa mzee wa miaka 63. Kazi ya kwanza ilikwisha kufanyika mwaka 1791. Mnachoombwa ni kuinakili mbele, ikae ukurasa wa kwanza.

Kwa upande wangu niko tayari kutafsiri mwongozo huo kwa Kiswahili bila malipo, na kuja Jumamosi yoyote kusaidia kunakili majina. Ninasoma mwandiko wa karne ya 18 bila shida, isipokuwa herufi yao ya s ndefu ambayo bado hunichezea nikiwa nimechoka.

Wenu mtiifu,

Mkalimani wa mahakama, aliyekuwa karani wa nyaraka Unguja
Harrisonburg, Virginia